Daftari la Kambo: jinsi ya kunasa sauti na sarufi ya lugha ya nyumbani ukiwa Kolwezi

Huku kwetu kambo ni babu au bibi. Nalisema mapema, asije msomaji wa Mombasa au Unguja akadhani nazungumzia mama wa kambo. Na mwongozo huu ni wako wewe uliyekulia Manika au Dilala, unayesema Kiswahili cha mjini tangu utotoni, lakini nyumbani kuna mzee ambaye akikasirika, akiomba au akiimba, anarudi kwenye lugha yake: Kisanga, Kiluba, Uruund, Uchokwe, Kindembu au Kiikaonde. Umeamua kuiandika lugha hiyo kabla mzee hajaenda nayo. Umenunua daftari. Sasa?

Madaftari ya namna hii nimeyaona mengi, na la kwanza lilikuwa langu mwenyewe. Yote yanafanana. Ukurasa una safu mbili: maji – mema, moto – mudilo, nyumba – njibo, hivyo hivyo hadi maneno mia tatu. Hakuna wingi wala sentensi, na hakuna alama ya sauti inapopanda na inaposhuka. Miaka mitano baadaye nilifungua daftari langu la Kiluba nikashindwa kutunga hata salamu. Nilikuwa nimeweka matofali bila udongo wa kuyashikisha.

Lugha za Lualaba zinabeba maana yake sehemu tatu ambazo orodha ya maneno haizioni: toni, ngeli na kitenzi. Ukinasa hizo tatu kwa maneno mia moja, utakuwa na kitu kikubwa kuliko mwenye maneno elfu tatu makavu. Na usidhani lugha haiwezi kuhama ukoo mzima. Bayeke walifika na kiongozi wao Msiri katika karne ya 19 kutoka upande wa Unyamwezi, wakajenga enzi kubwa Bunkeya. Wengi wa wajukuu wao leo husema Kisanga.

Kabla ya yote: jua unaandika lugha gani

Watu husema "lugha ya kwetu" kana kwamba ni moja. Andika jina lake juu ya ukurasa wa kwanza, na jina la mahali mzee alipojifunzia, si mahali anapoishi leo. Kisanga cha Bunkeya na Kisanga cha mtu aliyezaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi si lazima vifanane. Weka pia alama ya kimataifa ya herufi tatu, kwa sababu ndiyo inayotumiwa na maktaba duniani kutambua lugha hata jina likiandikwa kwa namna kumi:

> Kisanduku: alama za lugha za jirani
> Kisanga – sng
> Kiluba cha Katanga – lub
> Kiluba cha Kasai (Ciluba) – lua
> Uruund – rnd
> Kilunda cha Ndembu – lun
> Uchokwe – cjk
> Kiikaonde – kqn
> Kibemba – bem
> Kilamba – lam

Kiluba cha Katanga na Ciluba ni lugha mbili. Kolwezi ina wasemaji wa zote mbili, na daftari linalozichanganya halitamfaa mtu yeyote.

Hatua za siku ya kwanza

1. Omba ruhusa, na uombe kwa ukamilifu. Mweleze kambo kwamba utanasa sauti yake, nani ataisikia, na kama utaiweka kwenye intaneti. Akisema hapana kwa sehemu moja, hiyo hapana uiandike. Kuna mambo hayasemwi mbele ya kila mtu: maneno ya mukanda, jando la Wachokwe na Wandembu, si ya kunaswa kwa sababu tu simu iko mkononi.

2. Chagua saa. Asubuhi, kabla ya joto na kabla ya jenereta za majirani. Mvua juu ya mabati inaua rekodi yote, kwa hiyo msimu wa ukavu ndio rafiki yako.

3. Tayarisha simu. Iweke katika hali ya ndege ili isiite katikati ya hadithi. Kama programu yako ya kurekodi inakubali, chagua faili la aina ya WAV badala ya MP3, maana MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo. Laza simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, kama futi moja kutoka mdomoni, si juu ya meza tupu inayotoa mlio kila mtu anapoigusa.

4. Rekodi sekunde thelathini, kisha sikiliza. Usiamini macho. Nimewahi kurudi nyumbani na saa mbili za feni.

5. Fungua kwa kusema wewe mwenyewe: tarehe, mahali, lugha, na jina la anayesema kama amekubali litajwe.

6. Siku hiyo hiyo, nakili faili mahali pawili. Umeme hukatika, simu huanguka, mtoto hufuta. Lipe faili jina linalosomeka: lugha, mahali, tarehe, namba. Mfano: sng_bunkeya_2025-07-14_01.

Na usiende mikono mitupu. Hilo halihitaji hatua.

Sauti: andika unachosikia, si unachotarajia

Sikio lako limelelewa na Kiswahili na Kifaransa, na vyote viwili vitakudanganya, kila kimoja kwa njia yake.

Kifaransa kinadanganya kwenye herufi. Wabelgiji walipoandika majina yetu walitumia *tsh* kwa sauti ambayo Kiswahili huandika *ch*. Ndiyo maana tuna Tshombe, Tshisekedi na Mutshatsha, na ndiyo maana kabila moja huandikwa Tshokwe, Chokwe na Cokwe na watu wakadhani ni makabila matatu. Walituachia pia *ua* palipo na *wa*: Lualaba, si Lwalaba. Majina rasmi yaache yalivyo. Ila kwenye daftari lako chagua herufi moja kwa sauti moja, uandike uamuzi huo ukurasa wa mbele, na usigeuke njiani.

Kiswahili kinadanganya mwishoni mwa neno. Sisi hatuvumilii neno kuishia na konsonanti. Tunalifunga na irabu hata bila kuombwa. Sasa sikiliza Uruund. Mfalme wa Musumba anaitwa na wenyewe *Mwant Yav*, na mji wake *Musumb*. Lugha hiyo imedondosha irabu za mwisho. Ukiandika Musumba na Mwata Yamvo unaandika masikio ya majirani. Kama kambo amekatisha neno, nawe likatishe.

Mambo matatu mengine ya kutegea sikio:

*L na d.* Katika Ciluba na Kiluba hizi mara nyingi ni sauti moja yenye nguo mbili: huwa *d* mbele ya *i*, na *l* mbele ya irabu nyingine. Angalia *mudilo*, moto: mna zote mbili, kila moja mahali pake. Angalia jina la mtaa wetu, Dilala. Na *kulima* cha Kiswahili kule ni *kudima*. Ukishaliona jambo hili, ukurasa mzima wa maneno uliyodhani hayana undugu na Kiswahili unafunguka.

*P na b laini.* Ciluba husema *p* ambayo midomo haigusani kabisa. Hewa hupita kati yake kama mtu anayepoza chai. Kibemba hufanya hivyo kwa *b*. Mtazame mdomo kambo. Kuna mambo rekodi haionyeshi, na hili mojawapo. Basi ukiweza, chukua video fupi ya mdomo.

*Pumzi.* Uchokwe hutofautisha *p, t, k* kavu na *ph, th, kh* zenye pumzi. Jaribio lake ni la bei nafuu: shika kipande chepesi cha karatasi mbele ya mdomo wa msemaji. Kikiruka, kuna pumzi. Wazee wa pwani wanalijua hili, kwani kwao paa wa porini hutamkwa kwa pumzi na paa la nyumba bila pumzi, ingawa tahajia imezifanya kitu kimoja.

Irabu nazo uzihesabu mwenyewe, usianze na tano za Kiswahili kama sheria. Wanaoandika Kianyin kule Côte d'Ivoire na Ghana wana irabu nyingi kuliko zetu, zinazojipanga makundi mawili yasiyopenda kukaa neno moja. Lugha zako za Lualaba huenda zisikusumbue hivyo, lakini urefu utakusumbua: irabu ndefu na fupi zaweza kutenga maneno mawili. Andika ndefu mara mbili, *aa*. Ila mbele ya *nt, mb, nd* na wenzao irabu mara nyingi hurefuka yenyewe. Hapo huna haja ya kuiandika mara mbili kila mahali, mradi umeisema kanuni hiyo mara moja.

Toni: hapa ndipo madaftari yanapokufa

Kiswahili hakina toni; kina mkazo, na mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu daima. Kwa hiyo kijana wa mjini akisoma neno la Kiluba analipiga mkazo wa Kiswahili, kambo anacheka, na hakuna anayejua kwa nini. Lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka zina ngazi mbili, juu na chini, na ngazi hizo hutenga maana kama herufi zinavyotenga.

Mfano ulio karibu na kila sikio la Kolwezi ni Lingala ya redioni. *Moto*, chini chini, ni mtu. *Motó*, ya mwisho juu, ni kichwa. *Móto*, ya kwanza juu, ni moto unaochoma. Herufi ni zile zile nne. Sasa fikiria kambo amekupa maneno mia tatu ya namna hiyo, nawe umeandika herufi tu.

Waluba walilijua jambo hili kabla ya daftari. *Kyondo*, ngoma yao ya mti yenye mpasuko, ina milio ya juu na ya chini, nayo hutuma habari kwa kufuata toni za maneno. Ngoma haina konsonanti hata moja, na ujumbe unafika.

Fanya hivi:

1. Chukua majina kumi yenye silabi idadi moja, ikiwezekana yenye kiambishi kimoja mwanzoni (yote *mu-*, kwa mfano). Neno refu na fupi hayalinganishiki.
2. Mwombe kambo aseme kila moja mara tatu, bila haraka. Mara ya kwanza mtu hupandisha sauti kama anajibu swali, na mara ya mwisho hushusha. Isikilize ile ya katikati.
3. Mwombe apige mluzi neno hilo, au alivumishe mdomo ukiwa umefumbwa. Wazee wengi hufanya hivi mara moja, hata asiyejua neno "toni" ni nini. Mluzi huondoa herufi zote na kubakiza wimbo.
4. Liweke kila neno ndani ya sentensi ile ile: "Nimeona ___ jana." Neno likiwa peke yake hubadilika, ndani ya sentensi moja yote hupimwa kwa mizani moja.
5. Andika kila neno kwenye kadi. Panga kadi kwa mafungu kufuata wimbo, si kufuata maana. Ukipata mafungu matatu au manne, umeanza kuiona mifumo ya lugha hiyo.
6. Weka alama: *á* kwa juu, *à* kwa chini. Ukichoka, weka ya juu tu na uache ya chini bila alama, lakini useme umefanya hivyo.
7. Mchezeshee mzee mwingine rekodi bila kumwambia maana. Akikupa maana ile ile, alama yako inaaminika.

Onyo moja kwa wenye wazee wawili wa lugha mbili. Ciluba imegeuza toni za kale za Kibantu: palipokuwa juu pamekuwa chini, na chini juu. Usimsahihishe kambo wa Kasai kwa wimbo wa lugha nyingine.

Ngeli: usiulize kwa Kiswahili cha mjini

Kiswahili chetu cha Katanga ni kitamu, kina *batu*, *bintu*, *tunyumba* na *kanyumba*, na mtu wa Unguja akicheka, mwache acheke: *ka-* na *tu-* ni viambishi vya kale ambavyo Kiswahili sanifu hakina tena. Lakini upatanisho wetu umelegea. Tunasema *kitunga yangu*, *mutoto yangu*, *nyumba yangu*, yote *yangu*. Ukimwuliza kambo "unasemaje kitunga yangu", umeshamfichia ngeli kabla hajafungua mdomo, na akiwa mpole atakufuata.

Basi usiulize tafsiri. Onyesha kitu. Weka kikapu kimoja, sema kwa lugha yake hata kwa kubabaika, kisha weka viwili. Kaa jikoni wakati sombe inatwangwa na bukari inasongwa, uliza kinachofanyika. Kwa kila jina jaza safu tano:

> Kisanduku: safu tano za kila jina
> 1. Umoja
> 2. Wingi
> 3. Pamoja na "kubwa"
> 4. Pamoja na "-angu"
> 5. Ndani ya sentensi: "… imeanguka"

Katika Kiluba utaona *muntu mukatampe, bantu bakatampe, kintu kikatampe, bintu bikatampe*: mtu mkubwa, watu wakubwa, kitu kikubwa, vitu vikubwa. Mwenye Kiswahili atajisikia yuko nyumbani. Usilale hapo. Wachokwe hujiita *kachokwe* mmoja, *tuchokwe* wengi. Kiambishi ambacho kwetu ni cha udogo, kwao kimebeba watu wazima, na hakuna dharau yoyote ndani yake. Waruund ni *aRuund*, lugha ni *Uruund*. Ukilazimisha *wa-* na *ki-* kila mahali umewaandikia Waswahili.

Wataalamu huzipa ngeli namba, 1 na 2 kwa *mu-/ba-*, 3 na 4 kwa *mu-/mi-*, na kuendelea. Namba zinafaa, lakini siku ya kwanza ziache. Jaza safu, namba zitakuja.

Orodha ya kuanzia? Wengi hutumia ile ya maneno mia moja ya Morris Swadesh. Ni nzuri kama ngazi, ila haina maisha ya hapa. Ongeza mihogo, mahindi, mchwa, majina ya ukoo, na *mukuba*, shaba, neno lililoishi katika lugha kadhaa za ukanda huu kabla ya kampuni ya kwanza.

Kitenzi: kimoja hadi mwisho

Kosa la kawaida ni kukusanya vitenzi hamsini vyote katika hali ya "ku-". Chukua vitatu tu, uvimalize.

1. Nafsi zote sita: mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao.
2. Kukubali na kukanusha. Kukanusha mara nyingi hubadili toni pamoja na kiambishi, kwa hiyo rekodi.
3. Nyakati, lakini kwa tukio la kweli: alilima leo asubuhi, jana, mwaka uliopita, zamani za babu zake. Kibemba hutenga wakati uliopita ngazi nne. Kiswahili kina "alilima" moja kwa zote, na ukiuliza kwa neno hilo moja utapata jibu moja.
4. Kutendea. Hapa kuna raha ya peke yake. Kiswahili husema *pikia* lakini *letea*: irabu ya kiambishi hufuata ya shina. Kibemba hivyo hivyo, *ipikila* na *letela*, kisha kinaongeza jambo: shina likiishia na *m* au *n*, ile *l* nayo inageuka kuwa *n*. *Lima* inakuwa *limina*. Kiluba kinafanya vivyo hivyo: *dima*, *dimina*. Tafuta kama lugha ya kambo wako inafanya hivyo. Vitenzi kumi vinatosha kujua.

Mwishoni mwombe hadithi ya dakika tano, isiyokatizwa. Usiulize kitu mpaka amalize. Sarufi uliyoikosa kwenye maswali imo humo.

Makosa niliyoyafanya au kuyaona

– Kumsahihisha mzee kwa kamusi. Kamusi ya Kiluba ya Van Avermaet na Benoît Mbuya ya 1954 ni kazi kubwa, ila kambo wako si ukurasa wake. Tofauti ziandike, usizifute.

– Kubuni maana ya majina ya mahali. Kingamyambo, kwa mfano: kila mtu atakupa hadithi, na nyingi zimetungwa palepale. Andika nani alisema nini, kisha uwaulize wazee wawili wengine kila mmoja peke yake.

– Kuandika tafsiri ya Kifaransa pekee. Wajukuu watataka pia neno kwa neno.

– Kusubiri hadi uwe "tayari".

Orodha ya kuhakiki kabla hujafunga daftari la siku

☐ Ruhusa imenaswa kwa sauti
☐ Lugha, mahali pa asili na tarehe vimeandikwa
☐ Kila jina lina wingi na safu tano
☐ Toni zimewekwa alama, au pengo limeachwa wazi makusudi
☐ Angalau kitenzi kimoja kimemalizwa
☐ Faili ziko mahali pawili
☐ Maneno yenye shaka yana alama ya kuuliza pembeni

Ukiwa na kompyuta, programu mbili za bure zitakusaidia: Praat huchora mstari wa toni ili uone sauti inavyopanda, na ELAN huunganisha maandishi na rekodi. Ukitaka mtu wa kukagua, anza na idara za lugha katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Na afisa yeyote akikuuliza unafanya nini na lugha "ndogo", mfungulie ibara ya kwanza ya Katiba ya 2006: baada ya kutaja Kikongo, Lingala, Kiswahili na Ciluba, inasema lugha nyingine za nchi ni urithi wa utamaduni wa Kongo na dola ina wajibu wa kuzilinda.

Kambo akichoka, funga simu. Rudi kesho na kadi zile zile, uanze na zenye alama ya kuuliza.